Bwawa la Ng'ambo ya Mto

Grimsby, 4 Machi

Corinne,

"Watu wa Grimsby hawahitaji wiki mbili za kufundishwa bahari. Bahari imo damuni mwao." Maneno hayo ni yako. Yako gazetini, ukurasa wa tatu, chini ya picha yako ukiwa umevaa kofia ngumu isiyo na hata mkwaruzo mmoja.

Bahari haimo damuni mwa mtu yeyote. Ya baba yetu ilikuwa mapafuni. Daktari aliyeipasua maiti yake aliandika hivyo. Na baba alikuwa mvuvi, mwana wa mvuvi, na hakujua kuogelea hata upana wa beseni, kama wanaume wote wa mtaa wetu, waliosema kwamba kujua kuogelea ni kujiongezea muda wa kufa. Hiyo ndiyo damu unayoisifu.

Tena ni Grimsby ipi unayoisema? Samaki wanaouzwa bandarini hapa siku hizi wanakuja kwa malori. Nusu ya wanafunzi wangu wametoka kwenye meza za kupasulia samaki. Wanajua kisu, wanajua barafu, wanajua kusimama kutwa kwenye sakafu yenye maji, lakini bahari wameiona Jumapili wakila chipsi ufukweni Cleethorpes. Mtu huyo unataka umfundishe siku tano, kisha umpakie kwenye mashua inayopanda na kushuka, umwambie avuke kwa hatua moja aishike ngazi ya mtambo wa upepo wa kufua umeme, mahali ambapo akigeuka haoni nchi kavu.

Mtaala niliuandika mimi, mezani jikoni kwangu, wakati wewe bado unauza bima. Wiki ya kwanza maji na baridi, ya pili kamba na kimo, ndipo mnara wa mazoezi. Wewe umeuchukua, ukaukata miguu, ukauvika fulana yenye nembo ya kituo chako.

Ndiyo, najua una bwawa. Kila mtu pande zote mbili za mto anajua una bwawa. Lina mashine ya mawimbi, lina mvua ya kufungulia kwa swichi, lina ukuta wa kioo ili wageni watazame wakinywa kahawa. Mimi nina bwawa la manispaa alfajiri, kabla wazee hawajaingia na kofia zao za maua, na mawimbi yangu ni wanaume wanne wanaopiga maji kwa mbao.

Mwisho wa mwezi kamati ya mafunzo itachagua kituo kimoja tu cha kuandaa mafundi wa mitambo yote itakayosimamishwa huko nje. Ikikuchagua wewe, ghala la nyavu ninamofundishia linafungwa, na darasa langu linakufa nalo. Unalijua hilo, nami najua unalijua.

La mwisho. Nasikia Wesley Capes amevuka daraja kuja kwako. Wesley nilimtoa kwenye meza ya samaki akiwa anaogopa hata ngazi ya kabati. Leo anapanda nguzo kama mtu anayekwenda chumbani kwake. Nimemwandaa awe mwalimu, mwalimu wangu. Kama umemwita, mrudishe.

Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia.

Averil

* * *

Hull, 8 Machi

Dada Averil,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Ningekaa ningeijibu palepale, na ningejuta.

Simu nakukatia kwa sababu ukianza huachi mtu avute pumzi. Kwenye karatasi angalau naweza kukuweka chini nikachemshe chai.

Wiki mbili zako ni nzuri. Nimezisifu mbele ya watu, ila gazeti halikuandika. Lakini nijibu hili: wangapi wanafika kwenye mnara? Unaanza na darasa lililojaa, unamaliza na watu wa kujaza meza moja ya baa. Si waoga. Wana kodi ya nyumba na watoto, na wiki mbili bila ujira haziliki. Siku tano mtu anaziomba kwa bosi wake kwa kusingizia mafua. Wewe unawafundisha wachache vizuri sana. Mimi nataka wengi wafundishwe vya kutosha. Tubishane juu ya hilo, tusibishane juu ya kofia yangu.

Tangu tukiwa wadogo, mama akikata samaki ulikuwa unapima kipande changu kwa kidole. Hujaacha.

Wesley sikumwita. Alibisha hodi mwenyewe na begi lake. Analala chumba cha mwanangu Keith, kilicho wazi tangu Keith ahamie Aberdeen, anamaliza mkate wangu, na mkewe Donna anapiga simu kila jioni kuuliza kama anavaa soksi. Wiki ijayo nitampima kwa kumwachia zoezi la mawimbi aliongoze mwenyewe. Akifaulu, nitampa kazi ya ualimu.

Mezani hapa anakusifu mpaka juzi nikamwambia, "Ewe bwana, kama dada yangu ni malaika umefuata nini huku?" Akaniambia, "Malaika hana bwawa." Nilicheka, lakini usidhani haikuniuma. Sijapata mwanafunzi anayenitaja hivyo.

Njoo uone. Nitakupa chai, tena kwa kikombe, si kwa karatasi.

Mdogo wako,
Corinne

* * *

Grimsby, 11 Machi

Corinne,

Nilikuja jana.

Nilisimama nyuma ya kile kioo chako pamoja na wageni wako. Hukuniona. Mlikuwa ukingoni mwa bwawa, Wesley ndani ya lile vazi jekundu la kuokolea, wewe unamfunga zipu shingoni. Akasema neno, mkacheka wote wawili, ukampiga bega. Kisha mawimbi yakafunguliwa, naye akaingia majini kwa namna niliyomfundisha mimi: mkono mmoja puani, mwingine umeshika kola, miguu imepishana, macho mbele na si chini. Mama mmoja kando yangu akasema, "Angalia walivyofundishwa vizuri hapa." Walivyofundishwa hapa. Nikarudi kwenye gari.

Unasema sijaacha kupima kipande chako. Kweli. Na wewe hujaacha kupewa kilicho kikubwa. Mimi niliacha shule nikasuka nyavu na wanawake wa gatini ili wewe uvae sare. Mama alipougua nilimgeuza kitandani mimi, na wewe ukaja na maua Jumamosi, akakuita jua lake. Nyumba uliipata, mume mwenye kazi ulimpata, jengo la kioo umelipata, na sasa umefika kwenye kitu kimoja nilichokiumba kwa mikono yangu, nacho unakifunga zipu.

Wewe huna wanafunzi, Corinne. Una wateja. Mwanafunzi ni yule unayejua anaogopa nini.

Sitaki chai. Nataka jibu, na nalitaka kwa posta ya siku ileile utakayopata barua hii. Usiiweke kando, usiseme utaisoma jioni. Keti uandike: anarudi au harudi. Nisipopata jibu nitajua wewe ni nani, na kamati nayo itajua, kwa maana nitawaandikia.

Averil

* * *

Hull, 13 Machi

Dada,

Wesley yuko hospitali hapa Hull. Pumu ilimbana majini katikati ya zoezi la mawimbi. Walimtoa haraka lakini alikuwa amekwisha kuwa wa buluu. Anapumua kwa msaada wa mashine. Donna amefika na hataki kuongea nami.

Nakuomba kitu kimoja, na sijakuomba kitu kwa miaka mingi. Usiandike lolote gazetini kabla hatujaonana. Kuna jambo linanihusu ambalo siwezi kuliandika leo.

Corinne

* * *

Grimsby, 16 Machi

Corinne,

Umechelewa. Makala imetoka asubuhi hii. Nakunukulia sehemu yake, usije ukasema nimekuficha: "Kituo kinachomwingiza mtu kwenye mawimbi baada ya siku chache za masomo ya haraka hakifundishi kazi, kinacheza kamari. Juzi kete ilikuwa Wesley Capes."

Nilikaa kitandani kwake jana mchana kutwa. Ameondolewa kwenye mashine, anapumua mwenyewe kama mlango wenye kutu. Muuguzi akaniambia umetoka muda huohuo kwa ngazi za nyuma. Basi unakimbia.

Na hilo jambo usiloweza kuliandika nalifahamu bila kuambiwa. Mashine yako ya mawimbi ina hitilafu, au wasaidizi walikuwa wachache, au mlimharakisha. Wanakamati wamenipigia simu wawili. Mmoja ameniambia, "Averil, nadhani hesabu imebadilika." Nikamwambia haijabadilika, ila sasa mmeisoma.

Averil

* * *

Hospitali, Hull, 20 Machi

Mwalimu,

Donna ananiandikia hii, mimi nasema, maana nikikaza mkono nakohoa. Akiongeza maneno yake mimi simo.

(Sijaongeza. Donna.)

Nimesoma makala yako. Muuguzi aliniletea pamoja na uji, na vyote viwili vilikuwa vizito. Mwalimu, mimi si kete. Mmenigombania wewe na mdogo wako kama paka wawili na kichwa cha chewa, na hakuna aliyekiuliza kichwa.

Wala siku tano hazikunifanya kitu. Mimi nimepita wiki mbili zako zote, umesahau? Mtu aliyekuwa majini siku ile ni mwanafunzi wako, si wake. Na mwenye kuongoza zoezi nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyewapanga wale wanane ukingoni nikawauliza swali lako lilelile, "Mwenye dawa, dawa yake anayo?" Mmoja ana ya mzio, akaionyesha. Kijana mmoja akaniuliza kwa mzaha, "Na wewe mkuu?" Nikasema ninayo. Sikuwa nayo. Pampu yangu ya pumu ilikuwa mezani kwa Bi Corinne, kando ya siagi.

Niliisahau, lakini si moja kwa moja. Niliikumbuka nikiwa bado kwenye geti la bustani. Usiniulize kwa nini sikurudi hatua zile chache. Unajua kwa nini. Wewe ni mtoto wa gatini.

Kazi nimepewa, na nitaichukua nikitoka hapa. Nitabaki Hull. Usininunie. Kwako nimefunzwa, lakini kwako nitafundisha watu sita kwa mwaka, na mimi nina shemeji wanane wanaotafuta kazi.

(Tisa. Donna.)

Wesley

* * *

Hull, 21 Machi

Dada Averil,

Wesley ameniambia amekuandikia. Basi na mimi niseme langu, kabla hujalisikia kwa mwingine.

Niliiona ile pampu. Alikuwa amefunga mlango muda huohuo. Bado nilisikia viatu vyake kwenye changarawe. Niliichukua mkononi, nikafika mlangoni, nikashika kitasa. Nilipaswa kufungua na kusema neno moja tu, "Wesley." Sikusema.

Unajua kilichonishika. Mtu akishavuka kizingiti kwenda majini hageuki nyuma, na aliyebaki nyumbani hamwiti; ni mkosi. Mama hakufua nguo siku ya safari, hakupunga mkono, na baba alipoacha kiko chake, mama alikibeba kwenye aproni akapita uchochoroni mpaka gatini, akampa bila kufungua mdomo. Mimi nina jengo la kioo, Averil. Mimi natoa hotuba juu ya usalama. Na ilikuwa ni bwawa la ndani, lenye taa na mkahawa. Lakini mkono haukugeuza kitasa. Nikajisemea, sitamwita, nitampelekea kwa gari kama mama. Zoezi lilikuwa bado. Wakati ulikuwepo tele.

Kisha barua yako ikaanguka mlangoni, palepale miguuni pangu.

Sikulaumu kwa kuiandika. Nakuambia tu kilichotokea. Niliisoma nikiwa na koti. Nikafika pale pa mama na jua lake. Nikavua koti, nikaketi, nikaanza kukujibu kama ulivyotaka, siku ileile, bila kuweka kando. Niliandika kurasa tatu za matusi ambazo nimezichoma. Niliponyanyua kichwa pampu ilikuwa kando ya kalamu. Niliendesha gari kama mwizi. Nilipofika walikuwa wameshamlaza sakafuni.

Hospitali nilitoka kwa ngazi za nyuma kwa sababu nilikuona kupitia kioo cha mlango umemshika mkono, na sikujua niingie kama nani.

Mashine ya mawimbi ni nzima. Wasaidizi walikuwa wa kutosha. Aliyekosa ni mimi. Haya yote ukiyapeleka kwa kamati utashinda, na sitakanusha hata neno. Yafanye utakavyo.

Corinne

* * *

Grimsby, 24 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nilikaa nayo siku mbili bila kuinua kalamu. Wewe unanijua, hesabu mwenyewe ni mara ngapi imetokea.

Nikueleze kitu ambacho hakipendezi. Siku ile habari za ajali ziliponifikia, hata kabla ya barua yako fupi, kabla sijamwogopea Wesley, nilifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, ya haraka, kama panya anayekatiza jikoni, lakini niliiona. Na baada ya hii ya juzi, mkono ulikwenda wenyewe kwenye karatasi ya kuandikia kamati, nikaanza, "Waheshimiwa, mkuu wa kituo cha Hull amekiri." Nikaisoma. Ilikuwa sentensi nzuri sana. Nikaiweka jikoni motoni, kwa sababu ingenibidi niandike ya pili, inayoeleza wewe ulikuwa umeketi unamwandikia nani.

Bwawa lako bado nalionea wivu, usidanganyike. Na Wesley akikufundishia vizuri nitaumwa tumbo. Lakini hii hapa ndiyo barua niliyoipeleka kwa kamati na kwa gazeti. Umesema nifanye nitakavyo, nami nimefanya.

Dada yako,
Averil

* * *

Kwa wajumbe wa kamati ya mafunzo,

Mmoja wenu ameniandikia kwamba ajali ya bwawani ni "kosa la mwanafunzi aliyeficha maradhi yake, na somo lake ni kuwachuja watu wagonjwa." Ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuishi karibu na gati. Wesley Capes hakuficha pumu. Imeandikwa kwenye cheti chake cha daktari, na kila mwalimu aliyemfundisha anaijua. Aliacha pampu yake mezani, akakumbuka getini, na hakurudi, kwa sababu nyumba zote alizokulia zilimfundisha kwamba anayekwenda majini hageuki nyuma. Mwenye nyumba aliiona na hakumwita, kwa sababu alifundishwa hivyohivyo. Mwenye nyumba ni mdogo wangu Corinne, naye ameniambia mwenyewe. Alikuwa akitoka kuipeleka akachelewa, kwa sababu alikuwa akijibu barua yangu ya wivu niliyomlazimisha aijibu papo hapo. Kama mnatafuta wakosaji, sisi sote watatu tumefika, na wa tatu ndiye anayewaandikia.

Makala yangu ya tarehe 16 ilisema chanzo ni siku tano za Hull. Haikuwa kweli. Aliyezidiwa majini alikuwa mwanafunzi wa wiki mbili zangu. Msinichague kwa sababu ya makala hiyo. Na mkimchagua mdogo wangu kwa sababu ya bwawa lake, mjue ni bwawa zuri, na neno hilo limeniuma kuliandika kuliko yote yaliyotangulia.

Lakini wivu wangu si hoja yenu. Hoja ni hii. Mimi nimeandika mtaala, yeye ameupunguza, nanyi mmepigia kura kila mstari wake. Humo kuna moto, kuna kamba, kuna kimo, kuna kunyanyua mizigo bila kuumiza mgongo. Hakuna mstari unaomfundisha mtu wa gatini kurudi nyumbani kuchukua alichosahau. Niliijua desturi hiyo kuliko ninyi. Niliiacha nje kwa sababu niliiona ni hadithi ya mabibi, nikadhani elimu ikiingia kwa mlango wa mbele, desturi itatokea dirishani yenyewe. Haitoki. Iko mkononi mwa mwanamke aliyeshika kitasa. Na mtu huyohuyo kesho atakuwa chini ya mtambo, amegundua kamba yake ya usalama ameiacha mashuani, wimbi linapanda, na mashua bado iko karibu ya kutosha kurudi.

Kwa hiyo nawataka ninyi wajumbe, kwa majina yenu yaliyo kwenye mlango wa ofisi yenu, msitie saini kituo chochote, changu wala chake, mpaka asubuhi ya kwanza ya kila kozi iwe hivi: kila mwanafunzi atoke nje mlangoni, aende mpaka barabarani, aitwe, ageuke, arudi. Afanye hivyo mbele ya wenzake, tena na tena, mpaka aache kuona haya. Na aje na mtu wake wa nyumbani, maana somo ni la wote wawili. Donna Capes amekubali kulifundisha Hull. Hapa Grimsby nitalifundisha mimi, kama bado mtakuwa mmeniachia mlango.

Nanyi mnaobaki nyumbani, wake, waume na mama wa Freeman Street hapa Grimsby na Hessle Road kule Hull, sina kamati ya kunifikisha kwenu. Kesho asubuhi mtu wako akitoka na kitu chake kikabaki mezani, usikibebe kwenye aproni. Fungua mlango, toka na ndara zako, umwite kwa jina lake mpaka ageuke.

Averil Stainton
Grimsby